Simeon Ominde: Mwanajiografia Aliyewahesabu Watoto wa Shule

Katika kumbi za mihadhara za vyuo vikuu vya Kenya, jina la Ominde hutajwa kila mwaka, na aghalabu hutajwa kama jina la ripoti wala si jina la mtu. Mwanafunzi wa Kiswahili hulikariri pamoja na Gachathi na Mackay anapojiandaa kwa mtihani wa sera ya lugha, akajua kuwa Tume ya Ominde ndiyo iliyokikabidhi Kiingereza darasa la kwanza na kukiachia Kiswahili nafasi ya somo. Baada ya hapo daftari hufungwa. Ni wachache wanaouliza huyo Ominde alikuwa nani, alisomea nini, na kwa nini serikali changa ya Kenya ilimkabidhi mtu aliyezoea ramani na majedwali ya sensa kazi ya kupendekeza watoto wa taifa wafunzwe nini na kwa lugha ipi. Maisha ya Profesa Simeon Hongo Ominde yanaonyesha jinsi utafiti na takwimu zinavyoweza kuifaa elimu. Yanaonyesha vilevile kinacholipata somo ambalo hakuna anayelihesabu.

Ominde alikuwa Mjaluo wa Nyanza, wa kizazi kilichozaliwa katika miaka ya 1920 na kupanda ngazi ya elimu wakati ngazi yenyewe ilikuwa na vipago vichache mno kwa Mwafrika. Makerere ilikuwa kilele cha ngazi hiyo katika Afrika Mashariki yote. Huko alipata kulelewa kitaaluma na kufundisha jiografia, taaluma iliyojengwa Makerere na Profesa S.J.K. Baker, miaka mingi baadaye, mwaka 1971, Ominde ndiye aliyehariri mkusanyiko wa makala za jiografia ya Afrika Mashariki uliotolewa kwa heshima ya mwalimu huyo. Kitabu chake cha kwanza, hata hivyo, hakikuwa cha jiografia. Mwaka 1952 alichapisha The Luo Girl, kijitabu kinachoeleza malezi ya msichana wa Kijaluo tangu utotoni hadi anapoolewa. Hakuna majedwali humo. Kuna jicho la mtu anayetazama jinsi mtoto anavyofunzwa na bibi, mama na wenzake kabla ya shule kumfikia. Ni vyema kukikumbuka kijitabu hicho, kwa kuwa wanaomchukulia Ominde kama mtu wa tarakimu tupu hukisahau.

Tarakimu zilikuja baadaye, na zilikuja kwa sababu zilikuwa zimekosekana. Kabla ya mwaka 1948, serikali ya kikoloni haikuwa imewahi kuwahesabu Waafrika wa Kenya mmoja mmoja. Ilikuwa na makadirio, mengi yakitokana na daftari za kodi ya nyumba: maofisa walihesabu vibanda, wakazidisha kwa idadi ya watu waliodhaniwa kukaa katika kila kibanda. Wazungu na Wahindi walikuwa na sensa zao. Mwafrika alijulikana kama mlipa kodi na kama kibarua. Sensa ya mwaka 1948 ilikuwa ya kwanza kuwahesabu watu wa rangi zote, na ile ya mwaka 1962 ikafuata, ikapata watu 8,636,263. Katika sensa hizo mbili Ominde alipata malighafi ya tasnifu yake ya uzamifu, aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1963 na kuichapisha kama kitabu mwaka 1968. Ilihusu ardhi na mienendo ya watu nchini Kenya: nani anahama, anatoka wapi, anakwenda wapi na kwa nini. Hoja yake ilikuwa wazi. Ramani ya kikoloni ya maeneo ya wenyeji na mashamba ya walowezi ilikuwa imewasukuma watu barabarani, wanaume hasa, kuelekea mashambani na mijini, na Nairobi ilikuwa imejaa wanaume walioacha wake na watoto nyumbani.

Mtu mwenye ujuzi wa namna hiyo alikuwa nadra. Tarehe 19 Desemba 1963, siku saba baada ya uhuru, Waziri wa Elimu, Joseph Otiende, aliteua Tume ya Elimu ya Kenya, na Ominde akawa mwenyekiti wake. Katika kipindi hichohicho alishika uprofesa wa jiografia katika kilichoitwa, kuanzia Mei 1964, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata cheo hicho chuoni hapo.

Hakuhitaji kusafiri mbali ili kuuona ugonjwa ambao tume yake ilitakiwa kuutafutia dawa. Kutoka chuoni, kwenye pembe ya katikati ya mji, barabara zinazoelekea magharibi zilipitia vitongoji ambavyo Mwafrika alivijua kama mtumishi wa nyumbani. Kileleshwa ilikuwa na Kenya High School ya wasichana wa Kizungu. Kwenye njia ya kwenda Kabete ilisimama Prince of Wales, shule ya wavulana wa Kizungu iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo baada ya uhuru iliitwa Nairobi School. Viwanja vyake vya michezo peke yake vilitosha kujenga shule kadhaa za Waafrika. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo ni Kangemi, na ng'ambo ya Lavington ni Kawangware, sehemu ambazo hadi wakati wa uhuru zilikuwa nje ya mji, katika ardhi ya Waafrika. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa hadi takriban kilomita mraba 690, Dagoretti ikiwemo. Kwa mpigo mmoja wa kalamu, mtoto wa Kangemi na mtoto wa Lavington wakawa raia wa mji mmoja. Shule zao hazikuwa za mji mmoja. Katika takwimu za Idara ya Elimu, watoto wa Kizungu walikuwa na jedwali lao, wa Kihindi lao, wa Kiarabu lao na wa Kiafrika lao. Tangu mwaka 1942 elimu ilikuwa ya lazima kwa watoto wa Kizungu, ilhali ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliwawekea Waafrika vichungi vya mitihani katika darasa la nne na la nane. Majedwali yalipotenganishwa hivyo, hapakuwa na mahali ambapo ofisa angelazimika kusoma tofauti hizo kwenye mstari mmoja.

Hapa ndipo mwanajiografia alipokuwa na la kufanya. Mwaka 1963 Kenya ilikuwa na shule za msingi 6,058 zenye wanafunzi wapatao 892,000, na shule za sekondari 151 zenye wanafunzi wapatao 30,000. Tarakimu hizo husomwa kwa urahisi leo, lakini haziwezi kusema lolote peke yake. Wanafunzi 892,000 kati ya watoto wangapi? Mwalimu mkuu anaweza kuwahesabu watoto walioketi mbele yake. Hawezi kuwahesabu waliobaki malishoni. Kwa hiyo hesabu ya sajili za shule lazima iwekwe juu ya hesabu ya sensa, na sensa yenyewe ina kasoro zake. Wazazi wengi wa wakati huo hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Karani alikadiria umri kwa kuulizia mwaka wa njaa fulani au wa nzige, na umri ulioandikwa ukarundikana kwenye miaka inayoishia kwa sifuri na tano. Isitoshe, darasani palikuwa na vijana wa miaka kumi na minne katika darasa la nne. Ukiwahesabu hao wote juu ya idadi ya watoto wa umri wa shule, wilaya moja inaweza kuonekana kana kwamba imewapeleka shuleni karibu watoto wote, kumbe wengi wangali nyumbani. Haya ni mambo ambayo mtaalamu wa demografia huyajua kama mvuvi ajuavyo maji kupwa na kujaa, na ambayo mwanasiasa anayetaka shule ijengwe kwao hapendi kuyasikia.

Tume ilizunguka nchi nzima, ikapokea ushahidi wa mdomo na wa maandishi. Sehemu ya kwanza ya ripoti yake ilitoka Desemba 1964, na ya pili mwaka 1965. Ukisoma ripoti hiyo kwa makini, mkono wa mwenyekiti unaonekana pale inapozungumzia mgawanyo wa shule kimaeneo, upungufu wa walimu waliohitimu, na uwiano kati ya idadi ya wanafunzi na mahitaji ya nchi ya watu wenye ujuzi. Mkoa wa Kati ulikuwa mbele sana. Maeneo ya wafugaji, hasa kaskazini-mashariki, yalikuwa nyuma kiasi cha kutisha. Tume ilipendekeza kufutwa kwa ubaguzi wa rangi katika shule, kuelekea elimu ya msingi isiyolipiwa karo, na masharti ya kazi yaliyo sawa kwa walimu wote. Mwaka 1967 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kazi, na Sheria ya Elimu ikapitishwa mwaka 1968. Milango ya shule za magharibi mwa Nairobi ilifunguliwa, ingawa karo za juu hazikufutwa, na kwa muda mrefu shule za msingi za jiji ziliendelea kutambulika kwa madaraja ya A, B na C, daraja la A likiwa la zile zilizokuwa za Wazungu. Rangi iliondoka kwenye majedwali, mfuko wa mzazi ukachukua nafasi yake.

Mgala muue na haki umpe. Katika masuala hayo tume ilikuwa na ushahidi na iliutumia. Katika suala la lugha mambo yalikuwa tofauti.

Mwaka 1957 serikali ilikuwa imefungua Nairobi kituo maalumu cha kutafiti mbinu za kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kilianza na watoto wa Kihindi, ambao nyumbani walisema Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyinginezo, na ambao kwao Kiingereza kilionekana njia rahisi ya kuwakusanya pamoja. Mbinu iliyozaliwa hapo ilikuwa nzuri: watoto walifanya kazi katika vikundi vidogo, wakiwa na picha, kadi na vitabu tele, na wasimamizi waliwatembelea walimu darasani mara kwa mara. Ilipoletwa katika shule za Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilisambaa haraka, na tume ilipoanza kazi madarasa ya aina hiyo yalikwisha kuhesabika kwa mamia. Wazazi waliyapenda. Wengi kati ya waliotoa ushahidi mbele ya tume walitaka Kiingereza tangu mwanzo, na tume ikakubaliana nao. Kiswahili ilikipendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi kila inapowezekana, kwa manufaa ya umoja wa taifa na mawasiliano na majirani. Lugha za mama ziliachiwa kipindi cha hadithi katika madarasa matatu ya mwanzo.

Ni rahisi kulaumu uamuzi huo kwa jazba ya uzalendo, na makala mengi ya Kiswahili yamefanya hivyo. Lawama iliyo nzito zaidi ni ya kitaaluma. Madarasa ya kwanza ya majaribio yalikuwa ya mjini, yenye walimu walioteuliwa, vifaa vingi na usimamizi wa karibu. Matokeo mazuri ya darasa la namna hiyo yanaweza kutokana na lugha, au na kadi, au na mwalimu, au na vyote kwa pamoja; bila darasa la kulinganishia, lililopewa kadi zilezile na mwalimu wa kiwango kilekile lakini likafundishwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, hakuna anayeweza kujua. Na hata kama matokeo hayo yangekuwa ya lugha peke yake, kuyachukua kutoka Nairobi na kuyapeleka hadi shule ya kijijini yenye mwalimu asiyehitimu, asiyekimudu Kiingereza yeye mwenyewe, ni kufanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiografia angekatazwa kulifanya na ramani. Ominde alijua kuliko wenzake wote kwamba Nairobi si Kenya. Kitabu chake kizima kilikuwa kikisema hivyo. Tena, idadi ya mashahidi wanaotaka jambo hupima matamanio, na matamanio hayo yalikuwa na sababu: Kiingereza kilikuwa ndicho kilichomtenga karani na kibarua. Hayapimi iwapo mtoto ataelewa somo la hesabu.

Utafiti wa kina kuhusu lugha ulikuja baada ya uamuzi. Kati ya miaka ya 1968 na 1970, Kenya ilihusishwa katika uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha uliofanywa katika nchi tano za Afrika Mashariki kwa ufadhili wa Wakfu wa Ford. Kitabu cha Kenya, kilichohaririwa na W.H. Whiteley, kilitoka mwaka 1974, miaka miwili baada ya mhariri wake kufariki. Humo mlikuwamo hatimaye tarakimu kuhusu nani anazungumza nini, na nani, sokoni, kazini na nyumbani, na Kiswahili kilionekana kuwa mali ya Wakenya wengi ambao hawakufundishwa na shule. Tume ya mwaka 1964 haikuwa na kitabu cha namna hiyo mezani. Laiti ingekuwa nacho, huenda ingeamua vilevile. Lakini ingelazimika kueleza kwa nini.

Jambo jingine lilikiumiza Kiswahili kuliko suala la lugha ya kufundishia, nalo halikuhitaji tume yoyote kulitangaza. Mtihani wa CPE, uliokuja kuchuja watoto wa darasa la saba katika miaka ya 1960, ulikuwa na karatasi ya Kiingereza, ya Hisabati na ya masomo mengine kwa jumla. Kiswahili hakikuwamo. Kwenye ratiba kilikuwepo, kwenye alama hakikuwepo. Mwalimu mkuu aliyehukumiwa kwa idadi ya wanafunzi waliopata nafasi ya sekondari alijua la kufanya na vipindi hivyo: alivigeuza kuwa vipindi vya hesabu. Katika miaka ya 1970 mtafiti H.C.A. Somerset, aliyekuwa amefanya kazi katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alichambua maswali ya CPE moja baada ya jingine na kuonyesha jinsi mtihani ulivyopendelea kukariri, na jinsi walimu walivyofuata mtihani popote ulipowaongoza. Mageuzi yaliyofuata yaliboresha maswali na kuwapelekea walimu taarifa za makosa ya watahiniwa wao. Ni mfano bora wa takwimu kurudi darasani. Lakini hata taarifa hizo zilihusu yaliyotahiniwa tu.

Ominde mwenyewe alikuwa amerudi kwenye kazi aliyoipenda. Sensa ya mwaka 1969 ilikuwa imepata watu milioni 10.9. Mwaka 1974 karo ilifutwa katika madarasa manne ya mwanzo, na wanafunzi wa shule za msingi wakapanda kutoka milioni 1.8 hadi milioni 2.7 kwa mwaka mmoja, madarasa yakafurika, na kamati za shule zikaanza kutoza ada za ujenzi zilizowarudisha wengi nyumbani. Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi ya taaluma na utafiti wa idadi ya watu, na Ominde akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Miaka miwili baadaye uchunguzi wa uzazi ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane, mojawapo ya viwango vya juu kabisa miongoni mwa nchi zilizochunguzwa. Sensa ya mwaka 1979 ikapata watu milioni 15.3, karibu nusu yao wakiwa chini ya umri wa miaka kumi na mitano. Ominde aliandika na kuhariri vitabu kuhusu jambo hili hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, akiitazama Kenya ya mwaka 2000. Kwa waziri wa elimu, ujumbe wa majedwali hayo ulikuwa mkali: mtoto atakayetafuta dawati baada ya miaka sita amekwisha kuzaliwa, na anaweza kuhesabiwa leo. Wanafunzi waliopitia katika taasisi hiyo ndio waliokwenda kufanya kazi katika idara za takwimu na mipango, kule katikati ya mji ambako bajeti za shule hupangwa.

Kuhusu Kiswahili, wengine walikamilisha kilichoachwa. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba somo hilo litahiniwe, na tume ya Mackay ikalisisitiza mwaka 1981. Mwaka 1985, Ominde akiwa mzee wa taaluma yake, watahiniwa wa kwanza wa KCPE waliketi kufanya karatasi ya Kiswahili, lugha na insha. Kwa mara ya kwanza tangu CPE ianzishwe, somo hilo lilikuwa na safu yake katika matokeo, na wastani wa shule ya Kangemi ungeweza kuwekwa kando ya wastani wa shule ya Lavington.